Kariakoo ni Neno la Kabila Gani? Habari za Kale za Mji wa Dar es Salaam

Siku moja nilipokuwa nikifundisha habari za miji ya pwani, kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, Kariakoo ni neno la kabila gani?" Wenzake wakacheka, maana wote ni wenyeji wa Dar es Salaam, na kila mmoja wao amekwenda Kariakoo mgongoni mwa mama yake kabla hajajua kutembea. Mmoja akajibu kwamba ni neno la Kizaramo. Mwingine akasema sivyo, ni Kihindi, kwa sababu ya maduka. Wa tatu akasema halina maana yo yote, ni jina la soko tu. Nikaona ya kuwa swali lile lilikuwa jema kupita majibu yake. Nikamwambia yule kijana, "Jibu lake ni refu. Ukitaka kulijua huna budi kuujua mji wako tangu mwanzo."

Wengi wetu tunakaa katika mji huu kama mpangaji akaavyo katika nyumba ya watu: ajua mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, bali hajui ni nani aliyeijenga. Kwa hiyo naandika maneno haya kwa ajili ya kijana yule na wenziwe, na kwa kila msomaji apendaye habari za kale. Sitaandika yote. Nitaandika yale ambayo watu hupita juu yake kila siku wasiyaone, hasa yale yaliyomo ndani ya majina.

Kabla ya Dar es Salaam palikuwako Mzizima. Kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima, nacho kilikaa ufukoni upande wa kuelekea bahari kuu, si upande wa ndani wa bandari ambako meli zatia nanga sasa. Wenyewe walikuwa Washomvi, ambao mapokeo yao husema kwamba wazee wao walitoka Barawa, mbali kaskazini mwa pwani. Na nyuma yao, upande wa bara, walikaa Wazaramo. Masimulizi ya wenyeji yasema ya kuwa zamani Washomvi waliudhiwa na Wakamba waliokuja kwa vita, wakaomba msaada kwa mkubwa mmoja wa Wazaramo aitwaye Pazi Kilama. Naye akawasaidia, na tangu hapo Washomvi wakawa wakitoa ada kwa Wazaramo. Jina la Mzizima, watu wengi hulifasiri kuwa ni mji mzima, yaani mji wenye afya. Basi mji huu ulikuwa na watu wake, na mapatano yao, na jina lao jema, kabla hajaja mgeni ye yote kuujenga.

Mgeni wa kwanza aliyetaka kuufanya mji mkubwa alikuwa Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja tangu mwaka 1856. Aliiona bandari ile ya ndani, yenye mlango mwembamba na maji marefu yaliyotulia, akaipenda. Alitaka mji wake mwenyewe juu ya nchi ya bara, ili misafara ya pembe za ndovu itokayo mbali iteremkie hapo. Katika miaka ya 1860 akaanza kujenga: jumba lake la kifalme, na nyumba za wageni, na nyumba za watu wake, kwa mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko. Akauita Dar es Salaam, na maana yake kwa Kiarabu ni makao ya salama, au nyumba ya amani. Wengine husema ya kuwa jina la kwanza lilikuwa Bandari ya Salama. Mwaka 1867 akafanya karamu kubwa, akawaalika mabalozi wa mataifa ya kigeni waje wauone mji mpya.

Walakini mji ule haukupata hata umri wa mtoto wa shule. Mwaka 1870 Seyyid Majid alifariki, na ndugu yake Seyyid Barghash akatawala mahali pake. Huyu hakuupenda mji wa ndugu yake. Biashara yake ilikuwa Unguja, na misafara ilikuwa imekwisha kuzoea Bagamoyo. Mafundi wakaondoka, kazi ikaachwa katikati, na wasafiri waliopita katika miaka iliyofuata waliona majumba yaliyoachwa na kuharibika. Ni mji gani mwingine mkubwa wa pwani yetu ulioanza kuwa magofu kabla ya kwisha kujengwa? Watu wa Mzizima, ambao Sultani hakuwahesabu sana, ndio waliobaki wakivua samaki na kulima kama zamani.

Katika majengo ya siku zile yamesalia machache sana. Moja ni Boma la Kale, lililo mbele ya bandari, lililojengwa yapata mwaka 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Kuta zake ni nene, na mlango wake una nakshi za Unguja. La pili ni nyumba iliyo karibu na hapo, ambayo leo huitwa Atiman House. Nyumba hii ina habari ya ajabu, lakini siwezi kuieleza mpaka kwanza nieleze habari za tembo.

Mwaka 1877, Mwingereza mmoja tajiri aitwaye William Mackinnon, pamoja na wenziwe, walianza kufanya barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea Ziwa la Nyasa. Walikusudia magari yapite, mizigo isichukuliwe tena vichwani. Kazi ile iliendelea miaka minne, ikafika yapata maili 73, kisha ikaachwa mwaka 1881. Wanyama wa kukokota walikufa kwa kuumwa na mbung'o, na majani yakaota tena juu ya njia.

Wakati barabara ile ilipokuwa ikifanywa, mwaka 1879, ilikuja meli kutoka Bara Hindi ikatia nanga mbele ya Msasani, ambayo zamani zile ilikuwa kijiji mbali na mji. Ndani yake walikuwamo tembo wanne waliofugwa. Wakateremshwa majini, wakaogelea hata pwani. Aliyewatuma alikuwa Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, na mkubwa wa safari alikuwa msafiri aitwaye Carter. Shauri lao lilikuwa hili: ng'ombe na punda hufa njiani kwa mbung'o, na wapagazi wanahitaji mshahara na posho, nao hutoroka, labda tembo wa Kihindi ataweza kuchukua mizigo barani mahali pa wapagazi. Wakaenda Mpwapwa, na kutoka huko wakashika njia ya Ziwa la Tanganyika. Tembo wakafa mmoja mmoja. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, kando ya ziwa, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 katika vita vya huko bara. Basi habari ya tembo ikaisha, na mizigo ikarudi mahali pake pa siku zote, juu ya vichwa vya watu.

Msomaji na aikumbuke sana habari hii ya mizigo, maana tutairudia. Barabara ilishindwa, na tembo walishindwa. Mtu mwenye mzigo wa ratili 60 kichwani hakushindwa, na kwa sababu hiyo kila mwenye nguvu aliyeitaka nchi hii alimtafuta yeye kwanza.

Sasa niseme habari za Atiman. Huko Karema, alikofia tembo wa mwisho, Wabelgiji walikuwa na boma lao, nao baadaye wakawaachia wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe. Mwaka 1889 alifika huko kijana mmoja Mwafrika, Adrian Atiman, aliyekuwa daktari. Yeye hakuwa mtu wa nchi hizi. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kwenye mto wa Niger. Alipokuwa mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga wa Kizungu. Alipokwisha kujifunza alikuja Karema, akawatibu watu wa nchi ile zaidi ya miaka sitini, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Mapadre Weupe waliinunua ile nyumba ya Dar es Salaam mwaka 1922, na leo nyumba hiyo ina jina lake. Tazama basi mambo ya dunia. Nyumba ilijengwa katika siku za Masultani, wakati ambapo watu waliuzwa sokoni Unguja kama bidhaa, na soko lile halikufungwa mpaka mwaka 1873. Na leo mlangoni pake limeandikwa jina la mtu aliyeuzwa utotoni. Majina ya waliokaa humo siku zile watu hawayajui. Jina la mtumwa aliyekombolewa wanalijua.

Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, waliweka kituo chao Dar es Salaam mwaka 1887. Watu wa pwani hawakukubali kutawaliwa bila vita. Mwaka 1888 vita vikaanza, wenye kuvijua huvikumbuka kwa jina la Abushiri. Na Januari 1889 vita vikafika Dar es Salaam na Pugu, hata misioni ya Pugu ikateketezwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Vilipokwisha, Wajerumani wakafikiri mahali pa kuweka makao yao makuu. Bagamoyo ulikuwa mji mkubwa zaidi na wenye sifa zaidi. Lakini maji ya Bagamoyo ni mafupi, na meli za moshi hazikuweza kukaribia. Kwa sababu hiyo mwaka 1891 makao ya serikali yakahamia Dar es Salaam. Bandari ileile aliyoipenda Seyyid Majid ikaufufua mji wake, miaka ishirini na mmoja baada ya kufa kwake.

Siku zile palikuwa na hospitali mbili, nazo zaeleza vema jinsi mji ulivyogawanyika. Moja ni ile ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, penye upepo wa bahari. Katika miaka hiyo Robert Koch, tabibu mashuhuri aliyevumbua vijidudu vya kifua kikuu, alikaa Dar es Salaam akichunguza malaria na maradhi mengine ya nchi. Ya pili ilikuwa kwa Waafrika na Wahindi, nayo haikujengwa kwa fedha za serikali. Aliyetoa fedha alikuwa Sewa Haji, Mhindi tajiri wa Bagamoyo. Na mali yake aliipata wapi? Kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi, na kuwauzia vyombo vya safari. Basi jasho la wapagazi ndilo lililojenga hospitali yao. Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Hospitali yake ilitumika zaidi ya miaka hamsini, na ilipohamishwa, jina lake lilipewa jengo moja katika hospitali ya Muhimbili. Wagonjwa wengi hulala humo wasijue ni jina la nani.

Mwaka 1905 ilianza kujengwa reli ya kwenda bara. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na mwanzo wa mwaka 1914 ikafika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Safari iliyowachukua wapagazi miezi mitatu ikawa ya siku chache. Wajerumani wakatengeneza sikukuu kubwa ya maonyesho ifanyike Dar es Salaam katika Agosti 1914, ili mataifa waje waione reli na mazao ya nchi. Nje kidogo ya mji, palipokuwa na mashamba ya minazi, walikuwa wamepima viwanja kwa ajili ya makao ya Waafrika, na hapo wakajenga banda kubwa la soko. Kila mtu alidhani kwamba siku za mizigo ya kichwani zimekwisha.

Kumbe zilikuwa hazijaanza. Sikukuu ile haikufanyika, maana katika mwezi uleule wa Agosti vita vikuu vilianza Ulaya, na tarehe 8 manowari ya Waingereza ikaupiga mnara wa simu ya upepo uliokuwa Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe wakakizamisha mlangoni mwa bandari chombo chao kikubwa cha kuinulia meli, ili adui asipite. Nayo manowari yao, Königsberg, iliyokuwa ikikaa katika bandari hii, ilikimbilia midomo ya mto Rufiji, ikaangamia huko Julai 1915. Lakini mizinga yake kumi ikatolewa, ikavutwa na mamia ya watu, ikaletwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu ili ipigane nchi kavu. Tarehe 4 Septemba 1916 mji ukaingia mikononi mwa Waingereza.

Hapo ndipo tunapolikaribia jibu la swali letu. Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma kuelekea kusini, kwenye mito na misitu isiyo na reli wala barabara. Farasi na nyumbu wa Waingereza walikufa kwa mbung'o kwa maelfu, vilevile kama wale wa Mackinnon. Magari yalikwama matopeni. Ikabaki njia ileile ya zamani. Serikali ikaagiza kila wilaya itoe wanaume, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Walichukuliwa mashambani na njiani, wakapewa namba na blanketi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi. Na kambi yao Dar es Salaam ilikuwa wapi? Ilikuwa palepale penye viwanja vya minazi na lile banda la soko. Humo walilala, humo walihesabiwa, na kutoka humo walipelekwa vitani na mizigo ya risasi na unga.

Walikuwa watu wa makabila yote. Wako waliotoka pwani na waliotoka maziwani, Wanyamwezi na Wasukuma, Wakikuyu na Wakamba, na wengine kutoka Uganda na Unyasa. Hawakuwa na bunduki. Wanahistoria wanakadiria ya kuwa jeshi la Waingereza na wenziwao liliandika wapagazi yapata 1,000,000 katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, na ya kuwa waliokufa ni zaidi ya 90,000. Aghalabu hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa baridi, na kwa chakula wasichokizoea, au kilichopikwa nusu kwa sababu hapakuwa na wakati. Askari aliyekufa mara nyingi aliandikwa jina lake. Mpagazi aliyekufa aliachwa kando ya njia, na wengi hawana kaburi lijulikanalo.

Wale waliopita katika kambi ile walilitamka jina la kikosi chao kwa midomo yao wenyewe: Carrier Corps likawa Kariakoo. Vita vilipokwisha kambi ikavunjwa, banda likarudi kuwa soko, viwanja vikajengwa nyumba, lakini jina halikuondoka. Na si hapa tu. Nairobi pia pana mahali paitwapo Kariokor, palipopata jina lake kwa sababu hiyohiyo.

Msomaji atauliza, je, hapana ukumbusho mwingine? Upo, nao una habari yake. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha katika mji huu sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana aliyeshinda vita vya Abushiri. Na chini ya miguu yake walimweka askari Mwafrika akimtazama juu. Waingereza walipoutwaa mji waliiondoa sanamu ile. Ikapelekwa Ulaya, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Ikakaa hapo hata wanafunzi wa Kijerumani wenyewe walipoikataa, wakaivuta kwa kamba ikaanguka, mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Na katika Dar es Salaam, mwaka 1927, Waingereza walisimamisha sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, peke yake, bila gavana juu yake. Ndiyo ile tuiitayo Sanamu ya Askari, iliyo katikati ya mji, bunduki yake ikielekea bandarini. Maandishi yake, yaliyo kwa Kiingereza na Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi pia. Lakini mwenye kutazama humwona askari tu. Katika Nairobi ukumbusho wa namna ile una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Huku kwetu mpagazi hana sanamu. Ana jina la mtaa.

Nami nasema ya kuwa jina lile limefanya kazi kuliko shaba. Watawala, Wajerumani na baadaye Waingereza, waliugawa mji mafungu matatu: fungu la Wazungu upande wa bahari, fungu la maduka katikati ambako Wahindi wengi walikaa, na fungu la Waafrika huko Kariakoo. Na ili mafungu hayo yasichanganyike, ukaachwa uwanja mtupu katikati, ndio Mnazi Mmoja. Walakini ni upande ule wa Kariakoo uliozaa mambo makubwa. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa katika Dar es Salaam, na wanachama wake wakajenga jumba lao katika barabara ya New Street, ambayo leo huitwa Lumumba. Katika barabara hiyo, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilizaliwa. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipata uhuru, na kesho yake mji ukapewa cheo cha jiji. Na Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa ili kuwatenga watu, ukawa mahali pa watu kukutanika.

Soko nalo lilijengwa upya. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania, ambaye alilipa mapaa ya saruji yaliyo kama miavuli iliyopinduliwa, yenye kukusanya maji ya mvua. Rais Nyerere alilifungua mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, na wafanya biashara wengi walipoteza mali yao katika usiku mmoja. Siku zile nilisikia watu wakisema, "Kariakoo imekwisha." Mimi nikawaza, Kariakoo imeona makubwa kuliko hayo.

Mji ambao katika miaka ya 1880 ulikuwa na watu elfu chache, katika hesabu ya mwaka 2022 ulikutwa na watu 5,383,728. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na watu wengine walidhani kwamba mji utafifia kama ulivyofifia alipokufa Seyyid Majid. Haukufifia. Nadhani sababu yake ni kwamba hata tangu zamani waliouweka mji huu hai hawakuwa wenye majumba. Jumba la Sultani halipo, sanamu ya gavana haipo, maonyesho ya reli hayakufanyika. Waliobaki ni wavuvi wa Mzizima na wazao wao, na wachukuzi, na wenye kuja na mzigo kutoka mbali wakitafuta riziki. Nao wangali wakija hata leo. Simama Kariakoo asubuhi na mapema umtazame kijana mwenye gunia kichwani akipita mbio katikati ya magari, akiomba njia. Hajui ya kuwa mahali anapokanyaga paliitwa kwa ajili ya watu wa kazi yake.

Juma lililofuata yule kijana alikuja kwangu baada ya masomo. Akasema alikuwa amemwuliza bibi yake kama katika ukoo wao yuko aliyekwenda vita ile. Bibi akamjibu ya kuwa alisikia kwa mama yake kwamba yuko mmoja, aliyechukuliwa pamoja na wanaume wengine wa kijiji, akaenda na mzigo upande wa kusini, asirudi. Kijana akamwuliza jina lake. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mama yake aliwahi kumtajia, lakini yeye alikuwa mtoto, hakulishika.

Sikuwa na la kumwambia. Ila nilimjibu swali lake la kwanza, mbele ya darasa zima, na jibu ndilo hili: Kariakoo ni neno la Kiingereza lililogeuzwa na midomo ya Waafrika, na wenye kuligeuza walikuwa wa kila kabila. Kwa hiyo wote mliojibu siku ile mlikuwa na haki kidogo, isipokuwa yule aliyesema kwamba halina maana.

Nanyi walimu wenzangu, kila mji wetu una majina ya namna hii, na kila kijiji kina bibi aliyesikia jambo. Wapeni watoto kazi ya kuuliza, tena waandike karatasini wanayoambiwa, pamoja na majina ya watu. Wazee hawatungoji.